Weldimeshi ya stenlesi kwa vichanja vya dagaa: 304 au 316, na macho ya ukubwa gani?

BintiDiko (Unguja)

Assalamu alaykum, hamjambo nyote.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuchemsha na kuanika dagaa, kaskazini-magharibi ya Unguja, si mbali na Mangapwani. Wanaoijua kazi hii wanaijua: dagaa wanashuka dikoni alfajiri, tunawachemsha kwa maji ya chumvi, tunawaanika, wakikauka wanaingia maguniani, wanavuka Dar na wengi wao wanaishia Kongo.

Zamani tulianika chini, juu ya majamvi na maturubai. Mchanga, kuku, paka, mvua isiyobisha hodi. Baadaye tukapata vichanja vya wavu wa galvanaizi, ule ule wa mabanda ya kuku. Mwanzo uling'aa ukapendeza. Haikuchukua muda ukatoa ungaunga mweupe, kisha kwenye kila makutano ya waya ikaanza kutu nyekundu. Mnunuzi wetu mmoja alifungua gunia mbele yetu, akamwaga dagaa kiganjani, akawageuza mmoja mmoja. Migongoni wana vistari vya kahawia, viwiliviwili, sawasawa na nafasi ya waya. Bei akaikata pale pale na hatukuwa na la kumjibu.

Sasa tunataka kubadilisha. Vichanja ni 12, kila kimoja upana mita 1.2 na urefu mita 5. Muuzaji mmoja wa Dar ametuletea kipande cha weldimeshi ya stenlesi (wavu wa nyaya zilizochomelewa kwenye makutano), macho ya nusu inchi, waya mwembamba. Akabandika sumaku, haikushika, akasema: "Mnaona? Orijino hii, maisha haitaona kutu." Nikimuuliza ni 304 au 316, zile namba za aina ya stenlesi, anasema zote ni sawa, tofauti ni namba tu.

Naomba kujua:

1. Kweli ni namba tu?
2. Nusu inchi au robo inchi? Dagaa wetu ni wale mchele, wadogo.
3. Fremu tunazo za chuma cha galvanaizi, bado nzima. Tunaweza kuufunga wavu mpya humo humo?
4. Wavu huo huo tukitengenezea vikapu vya kuchemshia itakuwaje? Vya plastiki tunavyotumia vinalainika na kupasuka.

Pesa ni za wanachama, wengi wao kina mama wazima wenye wajukuu. Kwa hiyo naomba anayejibu ajibu anachokijua.

---

Mwaloni_Mza (Mwanza)

Dada BintiDiko, pole na kazi. Sisi huku ziwani vichanja vyetu ni vya galvanaizi na vinadumu vizuri tu, tunaweka nyavu kuukuu juu yake. Stenlesi naona ni gharama za bure. Labda mliuziwa galvanaizi mbovu. Kuna ile inapakwa zinki kwanza ndipo inachomelewa, na kuna ile inachomelewa kwanza ndipo inatumbukizwa kwenye zinki. Hii ya pili ndiyo nzuri, kwa sababu hata kwenye viungo zinki imefika. Ile ya kwanza, moto wa kuchomelea unaunguza zinki pale kwenye kiungo, na ndipo kutu inapoanzia.

---

FundiArgoni (Gerezani, Dar)

Dada katibu, salaam. Kaka wa Mwanza hajakosea kuhusu zinki, ila anasema ya maji baridi. Dagaa wa ziwani wanaanikwa wabichi, maji ya ziwa hayana chumvi. Ninyi mnaweka juu ya wavu samaki anayechuruzika maji ya chumvi yaliyochemka. Maji ya bahari peke yake yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, na mkiongeza ya jikoni inapanda. Zinki kwa chumvi namna hiyo inalika haraka, iwe imepakwa kabla au baada. Ule ungaunga mweupe mliouona ni zinki yenyewe ikiondoka. Ikiisha, kinachobaki ni chuma kitupu.

Mimi nilikuwa fundi wa matengenezo kwenye kiwanda cha samaki kabla sijafungua karakana yangu, na karibu kila siku nashika stenlesi. Nitajibu kwa mpangilio wangu, si wako.

Sumaku kwanza, maana hii imewapiga watu wengi. Sumaku haisemi kama stenlesi ni nzuri. Inasema ni ya ukoo gani tu. Ziko nyingi, ila nne ndizo utakazokutana nazo mtaani. 430 haina nikeli, inashika sumaku kwa nguvu, na baharini haifai. 201 imepunguziwa nikeli ikaongezwa manganizi ili iwe rahisi, na haishiki sumaku! Ndiyo inayouzwa sana kama "orijino". 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, ndiyo ya masufuria na masinki mazuri. 316 ina nikeli zaidi kidogo, na kubwa kuliko yote ina molibdeni asilimia 2 mpaka 3.

Sasa angalia kichekesho. Waya wa 304 ukivutwa kiwandani mpaka uwe mwembamba, ule mvuto unaubadilisha ndani, unaanza kushika sumaku kidogo. Kwa hiyo unaweza kuwa na 304 halali inayovuta sumaku, na 201 isiyovuta kabisa, ukakataa nzuri ukanunua mbaya. Muuzaji wako ama hajui au anajua sana.

Si namba tu. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu kromiamu iliyo ndani yake inashirikiana na hewa na kutengeneza ngozi nyembamba mno juu ya chuma, nanomita chache tu. Ukiikwaruza inajirudisha yenyewe mradi hewa ipo. Adui wa ngozi hiyo ni kloridi, na chumvi ya kula ni kloridi. Inaitoboa mahali padogo kama ncha ya sindano, halafu inachimba kwenda ndani. Kwa nje utaona kidoa cha kahawia, lakini chini yake pana shimo. Molibdeni ndiyo inayoifanya 316 istahimili kutobolewa. Kwa 304 ufukweni, kwenye wavu unaolowa chumvi kila siku, mtaanza kuona vidoa mapema, hasa kwenye viungo. 201 msiiguse.

Kutu inafanya kazi zaidi usiku. Mchana jua linakausha, chumvi inabaki kwenye waya. Usiku unyevu ukipanda, chumvi ile inavuta maji hewani na waya unalowa tena, sasa kwa maji makali kuliko ya bahari yenyewe. Ndiyo maana wavu unaooshwa kwa maji baridi jioni unaishi kuliko usiooshwa, hata kama ni wa aina moja. Mkinunua 316 mkaacha kuosha, mmenunua 304 kwa bei ya 316.

Mtajuaje mnachouziwa? Mwambieni awape cheti cha kiwanda kilichotengeneza waya. Kinaitwa cheti cha 3.1 cha kiwango cha Ulaya EN 10204, kina namba ya myeyusho (namba ya mkupuo ambao chuma hicho kiliyeyushwa) na asilimia za kila madini. Tafuta mstari wa Mo, yaani molibdeni. Ukikuta 2 na kitu, sawa. Ukikuta sifuri na kitu, hiyo si 316. Kisha namba ya myeyusho kwenye cheti ifanane na ya kwenye kibandiko cha rola, maana cheti kimoja kinaweza kutembea na rola nyingi. Pia kuna vichupa vya dawa ya kupimia molibdeni, unadondosha tone, unagusisha betri, rangi inabadilika. Na baadhi ya wanunuzi wakubwa wa skrepa wana kifaa cha mkononi kinachosoma madini kwa mionzi. Ukiwa na kipande na maneno mazuri watakupimia.

Mzani ni shahidi mwingine. Weldimeshi inauzwa kwa mita lakini gharama yake ni kilo. Wavu wa nusu inchi wenye waya wa milimita 1 unatoa karibu kilo 1 kwa mita ya mraba. Waya ukiwa wa milimita 1.6, yaani geji 16, unatoa kama kilo 2.5. Kipenyo kimeongezeka kidogo, uzito umezidi mara mbili na nusu, kwa sababu uzito unafuata kipenyo mara kipenyo. Vichanja vyenu 12 ni mita za mraba 72, sawa na rola 2 za upana mita 1.2 na urefu mita 30. Kila rola ya milimita 1 iwe na kilo kama 36. Akikuletea ya kilo 27 akakwambia ni milimita 1, jua waya ni wa 0.87 hivi.

Macho. Dagaa mchele kwenye nusu inchi wanapita kichwa chini, hasa wakishaanza kukauka na kusinyaa. Robo inchi inawazuia. Ukichukua robo inchi yenye waya wa geji 22, yaani milimita 0.7, uzito unarudi pale pale kwenye karibu kilo 1 kwa mita ya mraba. Inaonekana mmepata macho madogo bila kuongeza chuma. Lakini waya wa 0.7 ukitobolewa shimo la 0.2 umepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, wakati wa 1.6 hata hausikii. Na viungo vimekuwa mara 4, kila kiungo ni mahali pa kujificha chumvi.

Mimi ningefanya hivi: weldimeshi ya 316 ya inchi moja, waya wa milimita 1.6, ibebe uzito. Hiyo ni kama kilo 1.3 kwa mita ya mraba. Juu yake tandikeni wavu wa nailoni wenye macho madogo, usiofungwa moja kwa moja, mnaoweza kuukunja, kuufua na kuutupa ukichakaa. Chuma kinabeba, nailoni inashika samaki. Waya hata ukipata kidoa, samaki haugusi.

Fremu za galvanaizi: hapana, angalau si kwa kugusana. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi ni betri, na katika betri hiyo zinki ndiyo inayoliwa. Wavu wenu mpya utakaa mzima ukimaliza fremu taratibu. Kibaya zaidi ni msumari au skrubu ya galvanaizi iliyoshika wavu mkubwa wa stenlesi. Kitu kidogo kinaliwa na kitu kikubwa, kinakwisha upesi ajabu. Wala msifunge kwa ule waya mweusi wa kufungia nondo. Kama mnataka kutumia fremu hizo, wekeni mpira katikati, vipande vya mpira wa ndani wa tairi vinatosha, na skrubu za 316 zenye washa za plastiki. La sivyo mbao. Mbao ngumu isiyotiwa dawa, maana zile mbao za kijani zilizotiwa dawa ya nguzo si za kukaa na chakula.

Vikapu nitavirudia, hilo ni jambo lenye shari yake.

---

NyamaChoma_001 (Mombasa)

Fundi umeongea. Mimi nina kibanda cha mishikaki na kuku wa kupaka. Nilikuwa natumia ile waya ya galvanaizi tunayoiita "kofitrei" juu ya makaa, wakanitisha kuwa ina sumu. Sasa nina 304. Niko sawa ama pia nitafute 316?

---

FundiArgoni (Gerezani, Dar)

Uko sawa, kaka. Juu ya moto 304 inatosha kabisa, usimwage pesa kwa 316. Waliokutisha hawakukudanganya: zinki inayeyuka kwa nyuzi 420 za Selsiasi hivi, na makaa yaliyokolea yanapita hapo bila shida. Moshi wa zinki ikiungua unatupiga sisi wachomeleaji homa ya baridi usiku kucha, wewe unataka kuuweka kwenye kuku wa mteja?

Ila chukua waya mnene. Stenlesi ya namna hii inatanuka kwa joto kuliko chuma cha kawaida, kiasi cha theluthi moja zaidi au zaidi ya hapo. Wavu mwembamba uliobanwa pande zote nne utabenuka katikati na mishikaki yako itabingirika. Uulaze tu juu ya fremu, usiubane.

---

MpigaMahesabu (Tanga)

Swali la kizushi. Kama mwisho wa yote samaki analala juu ya nailoni, kwa nini wasinyooshe nailoni tu kwenye fremu za mbao, wakaachana na chuma chote? Dagaa ni wepesi.

Halafu kuna ile wavu ya galvanaizi iliyovikwa plastiki ya kijani. Bei yake haifiki hata nusu.

---

FundiArgoni (Gerezani, Dar)

Si la kizushi hilo, ni swali la mtu mwenye pesa yake. Nailoni peke yake kwenye fremu ya mita 1.2 kwa 5 inalegea katikati, dagaa wanaserereka wanarundikana bondeni, na dagaa waliorundikana hawakauki, wanaoza. Mkiweka papi ya mbao kila sentimita 40 chini yake inaweza kufaa, na kwa kikundi kisicho na mtaji ningewaambia waanzie hapo bila aibu. Wavu wa chuma unawapa uso ulionyooka, hewa inapita chini, na mnaweza kuumwagia maji ya moto mkasugua.

Ya plastiki ya kijani nimeiona ikikaa vizuri kwenye uzio. Kwenye kichanja tatizo ni pale inapokatwa. Kila ncha ni mlango, chumvi inaingia chini ya plastiki na kutembea na waya, nje unaona kijani, ndani panaoza. Siku moja unaegemea mkono unapita. Na plastiki ikipasuka kwa jua, vipande vinaingia kwenye dagaa.

---

BintiDiko (Unguja)

Fundi Mungu akuzidishie. Nimewasomea wenzangu jana, tulikuwa tumekaa tu kwa sababu ni mbalamwezi na boti hazijatoka. Bi mkubwa mmoja akasema "muulize huo wavu una mbele na nyuma?" Tukacheka, lakini akasema ule wa zamani ukikwangua dagaa upande mmoja pauro inapita, upande mwingine inakwamakwama.

Na swali la vikapu bado. Pia sisi tunasafisha kwa ile dawa ya maji ya kuweupesha nguo, tunaichanganya na maji. Ina ubaya?

---

FundiArgoni (Gerezani, Dar)

Mpe huyo bi mkubwa shikamoo yangu. Hilo hata baadhi ya mafundi hawalioni. Weldimeshi haijasukwa: nyaya za upande mmoja zote zimelala juu ya nyaya za upande mwingine, mashine inabana kwa shaba na kupitisha umeme, zinashikana pale zilipogusana, hakuna waya wa kuongezea. Kwa hiyo ndiyo, ina juu na chini. Upande wa juu nyaya zote zinaelekea njia moja. Ukikwangua kwa kuzifuata, pauro inateleza. Ukikata njia yake, inagonga kila waya. Lazeni wavu ili nyaya za juu zifuate njia mnayosukumia dagaa, ambayo nadhani ni kwa urefu wa kichanja. Mweleze muuzaji kabla hajakata.

Na hiyo ndiyo tofauti yake na wavu wa kusuka. Ule wa kusuka unaweza kuwa mwembamba mpaka wa kuchuja unga au kuzuia mbu, lakini ukiukata unafumuka na macho yanasogea. Huu ukiukata popote unabaki na umbo lake.

Mkifika dukani angalieni viungo kwa karibu. Shikeni kipande, kigeuzeni kwenye mwanga. Kiungo kikiwa na rangi ya dhahabu, buluu au weusi, maana yake joto la kuchomelea limeharibu ile ngozi na kiwanda hakikuosha wavu kwa asidi baada ya kazi. Kutu itaanzia hapo hapo. Mnataka viungo vyeupe, rangi moja na waya. Kisha chukueni koleo, shikeni waya mmoja, muunyonge mkiuvuta kutoka kwenye kiungo. Waya upinde kabla kiungo hakijaachia. Kikiachia kama kimebandikwa kwa gundi, rudisheni.

Dawa ya kuweupesha: acheni leo. Ile ni klorini, na mnaipaka juu ya chuma ambacho adui yake ni kloridi, tena mnaiacha ikauke. Kama kwa usafi wa chakula mnalazimika kuitumia, iwe hafifu, ikae dakika chache, kisha maji baridi mengi. Kwa siku za kawaida ni sabuni, brashi ya nailoni, maji baridi. Msisugulie ile pamba ya chuma ya kusugulia masufuria. Inaacha vinyuzi vya chuma cha kawaida juu ya stenlesi, kesho vinashika kutu, mtasema mmeuziwa feki. Kwa sababu hiyo hiyo fundi wenu akikata wavu, diski ya grinda iwe mpya, ya stenlesi, isiyowahi kugusa chuma cha kawaida. Na asikatie karibu na mtu anayekata nondo, cheche zinaruka zinakaa.

Mkiona rangi ya chai juu ya waya baada ya miezi, msishtuke. Karibu na bahari hata 316 inapata hiyo. Sugueni. Ikitoka ukabaki uso laini, ni ya juu tu. Mkihisi kishimo kwa ukucha, hapo kuna jambo.

Sasa vikapu. Hapa ndipo nilipotaka kuchelewa kidogo.

Kichanja kinakutana na chumvi na jua. Kikapu kinakutana na chumvi na moto, na mambo mawili hayo pamoja yana ugonjwa wake. Stenlesi ya ukoo wa 304 na 316, ikiwa imevutwa au imepindwa, ikawekwa kwenye kloridi yenye joto la kupita nyuzi 60 hivi, inaweza kupasuka. Haishiki kutu ukaiona, haipungui unene. Inapasuka ufa mwembamba, hasa kwenye mpindo na kwenye viungo, na siku moja kitako kinaachia na dagaa wote wanabaki sufuriani. Waya wa weldimeshi umevutwa kiwandani, una mkazo ndani yake tayari, ukiukunja kona ya kikapu umeongeza. Na maji yenu yanachemka.

Je, msitumie? Watu wanatumia, na kikapu cha 316L kinachotumbukizwa dakika chache na kuoshwa kila jioni kinaweza kuwapa kazi nzuri. Herufi L inamaanisha kaboni ni kidogo, isiyozidi asilimia 0.03, ili moto wa kuchomelea usiinyang'anye kromiamu pembeni ya kiungo. Ila kinunuliwe kama kitu cha kuisha. Msikiweke kwenye hesabu moja na vichanja. Waya uwe mnene, milimita 2 hivi. Kona ziwe za mviringo, zisikunjwe kwa nyundo. Mdomo wa kikapu uzungushiwe nondo ya 316L ya duara, si bomba lililobanwa, maana bomba linameza maji ya chumvi na kuyapika humo humo. Mishikio ichomelewe kwa gesi ya argoni na waya wa 316L, kisha viungo visafishwe kwa dawa ya asidi karakana. Msiifanye wenyewe nyumbani, ile dawa ina asidi inayokula mfupa. Na kila mwezi kigeuzeni kitako juu, kipitishieni macho, mkiona ufa mmoja kiondoeni, msisubiri wa pili.

Kama pesa inatosha kitu kimoja, fanyeni vichanja. Mnunuzi alilalamika mgongo wa samaki, hakulalamika kikapu.

---

BintiDiko (Unguja)

Tumekubaliana. Inchi moja, 316, milimita 1.6, rola 2. Fremu tunaziacha hizi hizi kwa mpira, mbao tutaanza nazo vichanja vitatu tuone. Vikapu tunabaki na plastiki kwanza.

Yule muuzaji nilimpigia nikamuomba cheti cha 3.1 na uzito wa rola. Kwa inchi moja nimekisia kilo kama 45 kwa rola, sijui nimepata? Akanyamaza kidogo, akasema atanipigia. Hajapiga. Nimepata mwingine Kariakoo ambaye cheti amenitumia picha, Mo imeandikwa 2.05.

La mwisho: skrubu kwenye mbao, ukubwa gani, na zikae umbali gani?

---

FundiArgoni (Gerezani, Dar)

Hesabu umepata: mita za mraba 36 mara 1.27, kilo 45 na ushee. Huyo wa 2.05 mwendee, ila usilipe kwa picha. Namba ya myeyusho isomeni pamoja mbele ya rola.

Skrubu milimita 5 kwa 30, za 316, washa pana, kila sentimita 15 pembeni na kila 30 kwenye papi za katikati. Papi ziwe kila sentimita 60. Kabla ya kufunga, pindeni ukingo wa wavu kwenda chini kama sentimita 3 ili ncha zisichane mikono ya kina mama. Na msiubane wavu chini ya ubao pande zote, chumvi inakaa humo msiione. Uegemee juu, skrubu na washa vitoshe, maji ya kuoshea yapite.